Dhahabu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi moja imebaki kwenye timu ya shemeji. Shemeji ni kaka wa mke wangu, mwalimu wa udereva, nahodha wa kila anachokigusa. Jumamosi wanacheza fainali ya Ngome, ule mchezo wa simu wa watano kwa watano, mnabomoa ngome ya wenzenu kabla hawajabomoa yenu. Ukumbini, mbele ya watu. Kasema atachukua mwenye kiwango cha Dhahabu tu. Kanitazama, kaongeza kwamba watu wa Shaba wasijisumbue.

Mimi ni Shaba. Si kwa kukosa kipaji. Ni hujuma. Nikishinda, mchezo unanipandisha alama na kuniletea wakali. Nikishindwa, unaniletea wanyonge kidogo, nashinda, halafu wakali tena. Mizani imepangwa ili nibaki pale pale. Leo nimechinjwa na mgeni anayejiita Goti Jipya. Shaba kama mimi. Alinivizia nyuma ya ukuta mechi nzima. Hana haya.

Karakana yangu ya samani: kochi la mwalimu mkuu bado ni mbao tupu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Kama mchezo unampa mnyonge wanyonge wenzake, basi nishindwe makusudi. Nikifika chini nitawafagia wote mpaka Dhahabu.

Nimeshindwa kutwa nzima. Bila kujisifu, nina kipaji. Mwenzangu mmoja aliandika kuuliza kama nimeilalia simu. Jioni nikawa Mbao, hakuna kiwango chini ya hapo. Nikaanza kufagia. Nilishinda kweli, ila alama nilizopewa ni kiduchu. Kumbe kumpiga uliyetarajiwa kumpiga si habari. Alama nono ziko kwa waliokuzidi. Kwa hiyo sasa niko Mbao na ngazi imerefuka.

Mwalimu mkuu alipita kuulizia kochi. Nikamwambia gundi inakauka. Akauliza gundi ipi, maana haoni kilichogundishwa.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe yuko kwetu tangu afanyiwe upasuaji wa goti. Mkunga mstaafu. Hushinda sebuleni, mguu juu ya stuli, simu mkononi. Nilidhani anaangalia picha za wajukuu. Leo nimempelekea chai, jicho likaangukia kwenye simu. Ngome. Jina: Goti Jipya. Tayari Dhahabu.

Nusu ya chai ikaishia kwenye sahani. Akanieleza taratibu kwamba mgeni hupanda haraka kwa sababu mchezo haujamjua; ukikosea kumkisia, unajirekebisha kwa hatua kubwa. Wakongwe kama mimi umeshatujua. Neno hilo limenichoma.

Nilikaa na heshima yangu kwa muda. Kisha nikaiweka pembeni. Nikamwomba anichezee kwa jina langu mpaka Dhahabu, nipate ile nafasi. Alicheka mpaka akalishika goti. Akasema viti vyetu ni vya chini, kuinuka ni mateso. Nikimtengenezea kiti kirefu, atanisaidia. Kisha akaacha kucheka.

“Kukupandisha nitakupandisha, mwanangu. Lakini huko juu utacheza na nani?”

Nikamwambia hilo tutaliona huko huko.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetengeneza kiti. Kirefu, mikono imara, sponji ya daraja la kwanza. Sponji ni ya kochi la mwalimu mkuu. La kwake nimelijaza mabaki ya magunia, juu nikavuta kitambaa vizuri sana. Kwa macho, huwezi kujua. Nani hukagua kochi zaidi ya kwa macho?

Mama mkwe amecheza kutwa bila kushindwa. Naona mchezo umeanza kutilia shaka yote uliyokuwa unajua kunihusu.

Ijumaa, 7 Machi

Dhahabu! Shemeji kanipa mkono na fulana ya timu. Mke wangu akauliza nimekuwa hodari tangu lini. Nikajibu ni mazoezi. Mama mkwe akakohoa.

Nikacheza mechi moja mwenyewe ili kupasha misuli. Nilikufa kabla sijaona kilichoniua. Nikacheza nyingine. Nilikufa, nikafufuka, nikafia pale pale. Mchezo sasa unaamini mimi ni Dhahabu, kwa hiyo unaniletea Dhahabu. Mwepesi wa kudanganywa.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe mstari wa mbele, kwenye kiti chake. Tulikibeba hadi pale. Jina langu ukutani, kubwa, na nyota yake ya Dhahabu.

Tulianza vizuri, yaani wenzangu wanne walianza vizuri. Shemeji alinipangia kulinda lango, nisitoke kwa lolote. Nikaona adui peke yake, anachechemea. Nikatoka. Hakuwa peke yake. Nikakimbilia kona isiyo na njia, nikazunguka humo huku ngome yetu ikibomolewa, na ukumbi mzima ukitazama. Mechi ya kwanza ikawa yao. Wakishinda moja tena, kombe lao.

Kwenye mapumziko shemeji hakufoka. Alikaa karibu nami, akauliza kwa sauti ile ya kumtuliza mwanafunzi aliyepanda ukingo wa barabara.

“Shemeji, siku zote hizi nani alikuwa anaendesha?”

Nikamtazama mama mkwe. Naye akamtazama mama yake. Mkono wa mama ulikuwa umeshainuka.

Waamuzi wakaruhusu mchezaji wa akiba. Nikavua fulana, nikamvalisha juu ya gauni. Alisimama langoni, akasubiri. Walimchokoza, hakutoka. Walijifanya kuchechemea, hakutoka. Walipochoka kusubiri wakaingia wenyewe, akawamaliza mmoja mmoja. Akashinda mechi zote mbili zilizobaki. Shemeji alimkumbatia mama yake mbele ya watu, na mimi, sijui kwa nini, nilipiga makofi kuliko wote.

Tukiwa njiani mama mkwe alinishika mkono, akaniambia shida yangu kwa sauti ya mkunga.

“Unasukuma kabla ya wakati.”

Jumapili, 9 Machi

Mwalimu mkuu alikuja. Hakukagua kwa macho. Alikaa. Tukasikia magunia, kisha mbao. Kochi limekwenda kwa fundi wa mtaa wa pili, mkokoteni ukinipita mlangoni polepole.

Mama mkwe alipojua sponji ilitoka wapi, alitaka nikifumue kiti nirudishe mali ya watu. Nikakataa. Nitamnunulia mwalimu mkuu sponji nyingine, hilo nimeapa. Akaniweka kitako. Akasema namba ile ya mchezo si cheo. Ni makisio tu ya nani mnalingana naye, ili kila mtu apate mchezo mtamu. Akashauri niirudishe mahali pake, tucheze naye jioni, anifundishe kusubiri. Alisema kwa upendo kiasi kwamba nilitazama dirishani kidogo.

Nikamshukuru. Moyoni nilimhurumia. Anajua kucheza, lakini hajui kufikiri mbali.

Jumanne, 11 Machi

Nimeachana na Ngome kwa hiari, baada ya kushindwa mfululizo hadi Shaba. Mchezo wa vurugu ule, si wa watu wa akili.

Nimepata mwingine wa simu. Drafti. Hakuna ngome, hakuna timu, hakuna shemeji. Una alama vilevile, ila huu umestaarabika: kabla ya kukupangia mpinzani, unakuuliza mwenyewe kiwango chako. Anayeanza, wa kati, au bingwa. Sijacheza drafti tangu utotoni, na hata hapo nilikuwa natazama tu.

Nimebonyeza bingwa. Wananitafutia mtu.