Kibofu Changu na Kiti cha Heshima

Jumatatu, 12 Agosti
Daktari Hurriyat ameniagiza niandike kila ninachokunywa na kila ninapokwenda haja ndogo, wiki nzima, bila kuruka. Miaka thelathini nilikuwa msimamizi wa ghala la pamba, watu wakiniandikia mimi ripoti. Leo mimi nakiandikia kibofu. Hongera zangu!

Amepima mkojo, amepima sukari, amechunguza na tezi dume. Kote salama. Akauliza, usiku je? Nikasema usiku nalala kama gogo, mateso ni mchana tu, mara kumi na tano, kumi na sita. Akauliza chai nakunywa kiasi gani. Nikasema kidogo tu, vibakuli ishirini. Akavua miwani. Eti hapo ndipo penye tatizo. Eti chai nishuke hadi vibakuli vitano, tikiti maji nipunguze, maji ya kawaida nisiache, na nikibanwa nijikaze kidogo kabla ya kwenda, leo dakika tano, kesho kumi, mpaka kibofu kizoee kusubiri. Kasoma miaka yote hiyo, halafu anailaumu chai. Hapa Kokandi, mji unaoishi kwa chai!

Nina haraka ya kupona. Jumapili wanakuja watu wa mji wa Margilan kumposa binti yangu Mavluda. Baba wa binti hukaa juu kabisa, mbali na mlango, penye heshima, na ndiye anayeumega mkate wa posa, ishara kwamba amekubali. Kutoka hapo hadi choo cha uani kuna kuruka magoti kumi na mawili ya wageni waliokaa sakafuni. Jirani yangu Toshpolat, mwalimu wa michezo mstaafu, anamaliza birika zima na hatikisiki. Ameshaanza kutangaza mtaani kwamba mkate ataumega yeye, "maana Kaka Mirhamid, maskini, atakuwa chooni." Ng'o!

Jumanne, 13 Agosti
Chai: vibakuli vitano (kumi na vinane). Haja: mara nne (kumi na sita). Mabano nitayafuta kabla ya kumpelekea daktari.

Nimejaribu kujikaza dakika tano. Dakika ya pili nilikuwa nimeukumbatia mzabibu wa uani na kuimba wimbo wa jeshi. Sanobar, mke wangu, akauliza kama aite mtu. Nikamwambia ni matibabu.

Jumatano, 14 Agosti
Akili ni mali! Leo kwenye karamu ya pilau kwa jirani mwingine nimekaa mlangoni, eti kwa unyenyekevu. Watu wakanisifu. Mzee mmoja akanitaja kama mfano kwa vijana.

Nilisahau jambo moja. Anayekaa mlangoni ndiye anayemimina chai. Nina miaka sitini na moja, nikawamiminia wapwa zangu. Na kwetu huwezi kumjazia mgeni kibakuli, labda kama unamfukuza. Unamimina kidogo kidogo, kwa heshima, tena na tena. Shrrr. Shrrr. Shrrr. Nilitoka mara sita nikisikia sauti ile tu, na chai yenyewe sijaionja. Toshpolat kule juu, kwenye godoro la heshima, akaniomba niongeze.

Alhamisi, 15 Agosti
Dawa ya moto ni moto. Nimemkaribisha Toshpolat, nimempasulia tikiti la kilo kumi na mbili na mabirika matatu ya chai juu yake. Nikasubiri abanwe. Mgeni hali peke yake, kwa hiyo nami nikala. Akasimulia mashindano yote ya mbio tangu mwaka sabini na nane. Hakunyanyuka! Mimi nilinyanyuka mara saba. Mara ya saba akaniuliza, kwa upole wote wa nyoka, kama nina mifugo huko nyuma ninayoihudumia.

Jumamosi, 17 Agosti
Nimeacha kunywa kitu chochote tangu jana. Hata maji. Joto nyuzi arobaini. Sanobar akanikumbusha kwamba daktari alikataza hilo hasa. Saa nane kizunguzungu kikanibwaga kwenye miche ya nyanya ya Sanobar. Na mkojo wenyewe, mkali kama siki, ukawa unanibana vilevile.

Jioni Mavluda akaja kukaa karibu yangu. Akasema, Baba, mimi kijana huyu nampenda. Punguza chai siku moja tu, nakuomba. Moyo ukanishuka. Mwanangu wa pekee! Nilitokwa na machozi, wallahi. Ikabidi ninywe vibakuli vinne nitulie.

Jumapili, 18 Agosti
Nitaandika na aibu yangu.

Walifika saa tano. Babu wa kijana, Mzee Yigitali, akaketi akinikabili pale juu. Akaanza kwa salamu, akaingia kwenye pamba, akaingia kwenye ng'ombe wake aliyekufa. Posa hajaigusa. Mimi nilikuwa kibakuli cha kumi na moja, nimebanwa kweli. Kusimama katikati ya hadithi ya mzee ni utovu wa adabu. Toshpolat alikuwa ananitazama na kutabasamu.

Nikainua mikono. "Amina!" nikasema kwa sauti.

Kwetu mikono ikiinuliwa, shughuli imekwisha. Wote wakaitikia amina, wakajipangusa nyuso, wakasimama. Mimi nikapita katikati yao kama mshale. Ah, raha ya dakika ile! Mungu anisamehe.

Niliporudi chumba kilikuwa kitupu, mkate mzima katikati. Getini Mzee Yigitali alikuwa anatafuta viatu vyake, anauliza kwa sauti ya kutetemeka, hivi tumekataliwa? Mavluda alikuwa mlangoni pa jiko, uso ndani ya mtandio. Toshpolat akanipita na mkate mkononi, akamwambia mzee, "Babu, huyu baba ana hamu ya ukwe mpaka ameitikia dua kabla hamjaomba!" Wakacheka. Wakaumega palepale, wamesimama, Toshpolat na mzee. Mavluda akamkumbatia Toshpolat kwanza. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumanne, 20 Agosti
Nilisahau kufuta mabano. Daktari Hurriyat alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Akasema tena: vibakuli vitano. King'ang'anizi!

Nimefikiri vizuri, nikiwa na birika langu. Chai haina kosa. Kosa ni la mlango. Arusi ni Oktoba, na fundi anakuja kesho kutoboa mlango mpya nyuma kabisa ya godoro langu, hatua tatu tu kufika chooni. Ule wa zamani tunauziba kwa matofali. Sanobar akauliza kama nakumbuka heshima hupimwa kuanzia wapi; nikamwambia aniletee chai.

Ajabu, Toshpolat ameunga mkono. Amejitolea kubeba matofali mwenyewe. Siku ya arusi anaomba tu kijisehemu kule mwisho, palipokuwa na mlango wa zamani, eti yeye ni mtu mdogo. Nimemkubalia. Maskini, hatimaye amejifunza unyenyekevu.