Wakarima, Mwiko na Ukurasa wa 188

Syombua Ndululu,
Mashimoni, Kibera,
nyuma ya kioski ya maji.

Kwa Mhariri wa Riwaya,
Kampuni iliyochapisha "Ufunguo wa Jikoni".

Ndugu Mhariri,

KUH: KITABU CHENU KUNIFUTA KAZI

Natumaini u mzima na kwamba nyumbani kwako hakuna anayekutilia kitu kwenye chakula. Mimi ni mama fua. Jumanne na Ijumaa nilikuwa nikifua kwa Madam Annet pale mtaa wa Olympic, miaka minne bila soksi hata moja kupotea, mpaka mlipomuuzia kitabu. Nakuandikia kwa heshima. Heshima yenyewe imebaki kidogo, kwa hivyo nitaitumia kwa uangalifu.

Usidhani nalalamikia kitabu ambacho sijakisoma. Nimekisoma hadi ukurasa wa 190. Nguo zikishalowekwa, sabuni inataka nusu saa ifanye kazi yake, na kitabu kilikuwa pale juu ya kochi, madam ameweka alama kwa pini ya nywele. Nilikuwa nasoma hadi penye pini, basi. Sikuwahi kuipita, maana kujua mwisho kabla ya mwenye kitabu ni wizi. Kwa hivyo tulikisoma pamoja, mimi na yeye, ila yeye hakujua.

Nakukumbusha hadithi, kwa kuwa mnachapisha vitabu vingi. Bibi mmoja tajiri anaugua kila akila. Kuna mtu ndani ya nyumba anamtilia sumu. Ni Muema, mwanawe, au ni Beth, mke wa Muema, au ni Wakarima, mfanyakazi wa nyumba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba yenu ina milango kumi na mmoja, na kila mlango una kufuli. Beth anaamka, hajui mumewe yuko wapi, anamtafuta kurasa sita. Huku Mashimoni mume akitoka kitandani unajua, kwa sababu lazima akukanyage. Jirani pia anajua, maana ukuta ni bati, na asubuhi atauliza kama tumbo limetulia. Lakini niseme ukweli, hapa ndipo niliponogewa. Mtu ana friji mbili na anaogopa kula! Nilisuuza mashuka siku hiyo nikicheka peke yangu. Nadhani raha ya vitabu vya namna hii ni hiyo, kuona hofu imepita getini na askari hakuiandika kwenye daftari la wageni. Unasoma, unamshuku kila mtu mezani, halafu unarudi kwako unafunga mlango wako mmoja na kulala.

2. Mpelelezi wenu ni mjinga. Samahani, nimetafuta neno lenye adabu zaidi nikalikosa. Muema anasema alikuwa Nakuru kikazi siku tatu. Ukurasa wa 41 anarudi na mashati matatu safi, yamepigwa pasi. Nani aliyafua? Muema, ambaye hajui hata beseni linakaa wapi? Mpelelezi anapima vikombe, anasoma simu za watu, anazunguka bustani na tochi, lakini kapu la nguo chafu hakuligusa. Ningekuwa mimi, kitabu kingeisha ukurasa wa 42. Mimi najua ni nani pale Olympic amehama chumba cha kulala, nani analia kwenye foronya, na nani huaga kwamba anaenda kwaya akarudi na nyasi mgongoni. Sijamwambia mtu yeyote. Nataja tu ili ujue nina ujuzi.

3. Ukurasa wa 188 Wakarima anakutwa jikoni ameshika mwiko, na sura inaishia hapo, utadhani ameshika bunduki. Ndugu Mhariri, mpishi ashike nini? Angekutwa na mwiko bafuni, hapo hata mimi ningeshtuka.

4. Madam Annet alishtuka. Jumanne iliyofuata alinikuta jikoni nikichota maji ya moto, akasimama mlangoni akiutazama mkono wangu. Ijumaa nikakuta amehesabu vijiko na chumvi imehamia chumbani kwake. Akaniuliza, kwa upole sana, kama nilipokuwa mtoto kuna watu walioniumiza moyo. Nikamwambia wapo, nimezaliwa Kitui katika nyumba ya watoto tisa. Akaandika kwenye simu. Maurice, mumewe, ambaye mashati yake nayajua vizuri kuliko anavyojua yeye, alikuwa hapo mezani anakula mayai, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Nilipomaliza kuanika, madam akaniita. "Mama Musembi, si ati nakushuku," akasema. "Ni vile tu hii kitabu imenifungua macho."

Nilifika nyumbani nikaketi kitandani na viatu miguuni, nikalia. Sikulilia kazi peke yake. Miaka minne nimemfulia hata zile nguo ambazo mtu humpa dada yake tu, kisha habari za mtu wa kutungwa kitabuni mwenu zikaaminiwa kuliko mimi. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

5. Sasa naenda Kawangware kutafuta kibarua. Tunakaa kando ya ukuta kuanzia asubuhi, akina mama wengi, kila mmoja akingoja aitwe. Ukiitwa, madam mpya anataka namba ya madam wa zamani. Nabwire, rafiki yangu wa huko, alikuwa karibu simu ilipopigwa, akasikia jibu lote. Madam Annet alisema nafua vizuri sana, mashuka yanarudi meupe, ila wasiniache karibu na sufuria. Wiki mbili baadaye Kawangware yote ilikuwa na habari, na tangu hapo sijaitwa.

6. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote. Kila jioni nilikuwa nawasimulia akina mama wa foleni ya maji nilichosoma, nao wananipisha mbele. Hadithi imekwama ukurasa wa 190. Wananiuliza ni nani, nami sijui. Nilijaribu kuwatungia mwisho, wakaukataa, eti namwonea Muema kwa sababu ya mashati. Sasa napanga foleni nyuma, na mtungi wangu ukifika bombani maji yameshapungua nguvu.

Kwa hivyo naomba mambo manne. Mbadilishe mwisho ili mwenye kosa awe Muema. Mniandikie barua yenye muhuri kwamba Wakarima si mimi. Kwenye jalada muweke onyo, kama lile la dawa, kwamba kitabu kisisomwe na mwajiri kabla ya kula. Na katika kitabu kijacho mpelelezi awe mama fua. Mkitaka ushauri, siku zangu za Jumanne na Ijumaa ziko wazi.

Mfanyakazi wa nyumba, Ndugu Mhariri, hawezi kufanya mambo mliyomsingizia Wakarima. Sisi si watu wa kuogopwa. Hoja yangu yote ni hiyo.

Wasalimie wapiga chapa, wauza vitabu, na yule mama anayewapikia chai hapo ofisini, ambaye sidhani mnalijua jina lake.

Wako katika uchungu na usafi,
Syombua Ndululu (Mama Musembi)

Baada ya sahihi: Nilikuwa sijaituma barua hii Madam Annet aliponipigia simu. Amemaliza kitabu. Alinisimulia mwisho. Aliyekuwa akimtilia bibi sumu ni Muema, kwa ajili ya shamba, na wala hakufika Nakuru. Wakarima hakuwa amefanya lolote. Lakini walikuwa wamemfuta kazi, na katika sura ya mwisho anarudi, anafungua jikoni kwa ufunguo wake, anawapikia Beth na mpelelezi, na safari hii sumu ni yake.

"Rudi tu, mama," madam akaniambia. "Hata kesho. Na tafadhali usiniwekee kinyongo."

Nimerudi. Saa nne naitwa sebuleni nikae kwenye kochi, Maurice anafua soksi zake mwenyewe, na kitabu nimepewa nikisome mpaka mwisho. Kwa hivyo msibadilishe hata nukta. Maombi yangu yote manne yafuteni. Badala yake chapeni nakala mia tatu za karatasi rahisi, mniletee nizigawe Kawangware, kila mama fua aisahau moja kwa madam wake. Heshima inayopatikana humo sijawahi kuipata kwa kufua vizuri.

Jambo moja tu. Chai ya saa nne anaipika madam mwenyewe, na mimi siinywi mpaka nimwone ameinywa yeye kwanza, maana hata mimi sasa nimekimaliza kitabu.