Siku Niliyomshitaki Mwape Kikaoni

Wapenzi wangu wa Lubumbashi, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya wasichana kumi na mmoja, mvulana mmoja, na baadaye mbele ya nusu ya kambi ya wafanyakazi ya Panda. Ninawaandikia upesi kabla habari haijapanda gari moshi na kuwafikia ikiwa imetiwa chumvi. (Chumvi haihitajiki. Mtaona.)

Mwape mnamjua. Huu ni mwaka wa pili tunalala chumba kimoja hapa Likasi kwenye nyumba ya mabinti wa chuo. Sufuria moja, pasi moja, mbabula moja ya makaa. Mwezi uliopita tulifanya TP, ile kazi ya vitendo, ya jiografia, mimi, yeye, na Ilunga, yule mvulana mrefu wa miwani. Tulizunguka soko la Panda siku nne tukiwauliza wamama mboga zao za lenga-lenga zinatoka shamba gani na samaki wao wanatoka ziwa gani. Maswali niliyatunga mimi. Nilitembea mpaka viatu vikacheka. Mama mmoja alinifukuza na mwiko. Mimi, siyo wao! Kazi ilipokwisha, Mwape akaipeleka kwa mwalimu.

Wiki tatu zilizopita alama zikabandikwa ukutani. Mwape, kumi na sita juu ya ishirini. Ilunga, kumi na sita juu ya ishirini. Ngoie... Hakuna Ngoie. Nilisoma ile karatasi kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Nikafuata na kidole. Hakuna.

Mtu mwenye akili angemuuliza Mwape. Mimi nilikuwa nimeshajijibu. Nani alipeleka kazi? Mwape. Basi nani alitoa jina langu? Kesi imekwisha.

Nilifika nyumbani ninawaka. Nikamkuta Mwape mlangoni na mama yake, aliyekuja na kikapu cha viazi vitamu. Mwape akanikimbilia.

"Ngoie, umeona zile alama? Kuya tuongee."

"Minye siongee na mwizi."

Nilisema kwa sauti. Mama yake alisikia. Alitua kikapu polepole, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Nami nikajiona shujaa. (Shujaa!)

Tangu siku hiyo hatukusemeshana. Lakini mkiwa mnalala chumba kimoja na kupikia mbabula moja, mtafanyaje? Nikaanza kuongea na mbabula. "Mbabula, mwambie ule muntu afunge dirisha, baridi inaingia." Mwape naye alijaribu mara mbili, mara tatu: "Ngoie, nisikilize kidogo tu." Nikamjibu, "Ukiwa na neno, ongea na mbabula." Basi akanyamaza. Wiki tatu nzima, wasichana wawili wanaosomea ualimu wanakula bukari kwenye sahani moja huku mmoja anatazama mashariki na mwingine magharibi.

Jana Yaya Kapinga alichoka. Huyu ni dada yetu mkubwa, yuko mwaka wa mwisho, na nyumba nzima inamtii. Akagonga mlango wetu.

"Kesho saa nne, kwenye chumba cha kulia. Kila mutu atasema, kila mutu atasikilizwa. Batoto ba secondaire banaweza kununiana. Banyinyi, hapana."

Nilifurahi, jamani. Nilifurahi sana! Niliandaa hotuba ya sehemu sita. Nilifungua kamusi nitafute maneno makubwa ya Kifaransa. Asubuhi ya leo nikavaa kitenge changu cha sikukuu, kile cha bluu, nikapaka mafuta usoni. Nikaenda kwenye hukumu kama bibi harusi.

Walikuwa wamejaa. Wasichana wote wa nyumba, wengine na mihogo yao mkononi kama wamekuja kwenye sinema. Ilunga alikaa karibu na mlango, ameshika faili magotini, anaona haya kwa kuwa mvulana peke yake. Mwape alikaa mbele yangu. Alikuwa amevaa nguo yake ya kufulia. (Hapo tu ningepaswa kushtuka. Mtu mwenye wasiwasi hujipamba.)

"Ngoie, weye njo uko na mashitaka. Anza," Yaya Kapinga akasema.

Nikasimama, nikawaita wananchi kwa Kifaransa. "Citoyennes! Citoyen!"

Wakacheka kidogo. Nikaendelea. Nilieleza soko. Nilieleza mwiko. Nilitaja usaliti mara tano, kila mara kwa Kifaransa, kila mara nikinyoosha kidole. Nikasema mtu anayefuta jina la mwenzake anamfuta mwenzake mwenyewe. Mmoja nyuma akasema "Eee!" na mimi nikapanda juu zaidi. Nikasema, "Batu banafungwa gereza ya Buluo kwa makosa madogo kuliko hii!"

Aliyekuwa anatafuna mhogo akaacha kutafuna. Kuna mmoja akainuka, akafunga dirisha.

"Buluo haitajwi kwa muchezo," Yaya Kapinga akasema taratibu. "Maliza. Unataka nini?"

"Ninataka mwenye kosa aombe musamaha. Kwa kusimama. Mbele ya kila mutu mwenye alisikia, popote alipo."

"Popote alipo?"

"Popote."

Akaandika. Akageuka. "Mwape."

Mwape hakusimama hata. "Minye sina maneno mingi, Yaya. Ilunga, toa karatasi."

Ilunga akafungua faili. Ilikuwa TP yetu. Mwalimu alikuwa amemrudishia jana. Akampa Yaya Kapinga, naye akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti.

"'Soko la Panda na vyakula vyake. Imeandaliwa na: citoyenne Mwape, citoyen Ilunga.'"

"Si munaona!" nikapiga kelele. (Mungu wangu, nilipiga kelele.)

Yaya Kapinga aliisogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali. Kisha akaigeuza tuione wote.

"Hii maandiko ni ya nani?"

Jamani. Mnaijua hati yangu. Ile niliyofundishwa na masista, yenye mikia kwenye kila herufi, ile ninayojisifia tangu tulipokuwa darasa moja. Nilikuwa nimewaambia Mwape na Ilunga kwamba wao wanaandika kama kuku waliokanyaga wino, kwamba jalada hatagusa mtu ila mimi. Nilikuwa nimechora hata maua pembeni. Maua mekundu! Nilihangaika sana nisikosee majina yao, nikasahau kwamba na mimi nina jina.

"Ni ya Ngoie," wasichana wakaitika pamoja, kama kanisani.

"Kuna maneno mingine hapa chini," Yaya Kapinga akasema. "Hii si ya Ngoie. 'Tumesahau jina la citoyenne Ngoie. Ni yeye alifanya kazi kubwa kuliko sisi wote. Tunaomba apewe alama.' Mwape ametia sahihi, na mwalimu ametia sahihi."

"Mwape alienda kwake mara tatu," Ilunga akasema huku anatazama viatu vyake. "Mara mbili mwalimu alimufukuza. Ya tatu alikubali."

Sauti yangu ilitoka kama ya panya. "Mwape, juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuya kukuambia. Ulisema niongee na mbabula."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Hata Ilunga! Nikasema moyoni: Ngoie, ondoka hapa ungali na heshima kidogo. Nikajifunga kitenge, nikainua kichwa, nikatembea moja kwa moja mpaka mlangoni, nikafungua, nikatoka, nikaubamiza nyuma yangu.

Sikuwa nimetoka. Nilikuwa nimeingia stoo.

Giza. Magunia ya unga. Stoo ile haina mlango wa pili, na mimi ninajua, maana wiki iliyopita nilikuwa zamu ya kufagia humo. Nikasimama. Nje walikuwa wananisubiri. Nikasikia mmoja anauliza, "Sasa atatoka lini?" Mwingine akajibu, "Tumuachie, pengine anatafuta chumvi." Nikarudi nyuma hatua moja, nikajikwaa kwenye gunia lililofunguliwa, nikakaa ndani yake. Kitenge cha sikukuu, bluu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mwape. Akafunga nyuma yake, akanitazama pale chini.

"Simama."

"Nisamehe, Mwape. Minye ni mupumbafu."

"Nayua. Ile ya jina si kitu, hata minye ningesahau. Hata ile ya mbabula nitacheka siku moja." Hapo sauti yake ikabadilika. "Lakini uliniita mwizi mbele ya mama yangu. Alirudi Panda kwa miguu, akaniuliza kanisani Jumapili iliyofuata kama ni kweli. Mama yangu, Ngoie. Aliniuliza kama ni kweli."

Katika maneno yote niliyoyatoa kwenye kamusi, hakuna hata moja lililonifaa. Nililia kidogo. Unga na machozi vikawa uji shavuni.

Tulipotoka, Yaya Kapinga alikuwa ameshika ile karatasi yake. "Mbele ya kila mutu mwenye alisikia, popote alipo. Ngoie, njo maneno yako. Mama yake Mwape iko Panda. Leo ni siku nzuri."

Tukaenda kwa miguu, mimi na Mwape. Mama yake tulimkuta uani anapepeta mchele. Nikapiga magoti.

"Mama, nimekuya kuomba musamaha. Mwape hakuiba kitu."

"Nani alisema aliiba?"

"Minye, mama."

"Aa, weye njo ule! Sikusikia vizuri. Zamu imetoka, batu iko wengi barabarani. Sema na nguvu."

Kweli wafanyakazi wa kompani walikuwa wanarudi, baiskeli kwa baiskeli. Nikasema kwa nguvu. Baiskeli ya kwanza ikasimama. Jirani akatoa kichwa. Watoto wakaja. Nilisema mara tatu, jamani, na mara ya tatu baba mmoja mwenye kofia ya kazi akauliza, "Aliiba nini?" ikabidi nianze tena kutoka kwa lenga-lenga.

Mama akanishika mkono, akaninyanyua, akapangusa unga shingoni mwangu na ncha ya kitenge chake.

"Mwanangu, kule kwenye chuo kikuu banawafundisha nini?"

"Ualimu, mama."

"Ya kufundisha nani?" akauliza. Hakuwa anatania. Alitaka kujua kweli. Kisha akatuwekea chakula, na alinipa kipande cha samaki kikubwa kuliko cha Mwape, jambo lililoniumiza kuliko kama angenipiga.

Tulipokuwa tunarudi Mwape akasema, "Bado niko na hasira. Itaisha pengine siku tatu, pengine ine. Usiniulize kila saa."

"Sawa," nikamwambia. Nilitembea nyuma yake kidogo, na sikuuliza. Sasa hivi amelala upande wake, ameniazima wino wa kuwaandikia barua hii.

Naomba muisome kwa sauti ya chini, kisha muichome. Na kama lazima mcheke, chekeni huko huko Lubumbashi, maana hapa Likasi kazi hiyo imeshafanywa vizuri na watu wanaojua kazi yao.