Mshangiliaji wa Pande Mbili

Ijumaa, 20 Desemba 1974

Zubaida amekubali. Naandika kabla hata sijanawa mikono, baada ya kugonga bati kutwa nzima.

Alikuja karakana kuchukua sanduku la bati la mama yake, lile nililolitengeneza mara tatu bila kuombwa, ili arudi mara tatu. Leo nikamuuliza. Akacheka, akasema sawa, lakini niende kwa baba yake kwanza.

Baba yake ni Sajini Abudu wa polisi, anakaa kule kambini. Zubaida kaniambia baba anapenda mambo matatu: swala, timu ya Rungu, na mtu msema kweli. Nilimsikiliza vizuri sana. Hasa pale kwenye Rungu.

Maana hapo ndipo shida ilipo. Rungu ni timu ya kambi. Mimi ni mtu wa Nyundo, timu ya mafundi wa Katwe. Nimezaliwa Nyundo. Karakana yetu imepakwa manjano ya Nyundo mpaka mlangoni. Na timu hizi mbili zinakutana tarehe ishirini na sita, siku ya Boksingi, kesho yake Krismasi, kugombea zawadi ya fahali.

Nimelala chali nikafikiri. Jibu limekuja lenyewe. Nitakuwa mtu wa Rungu mpaka posa ipokewe, kisha nitarudi Nyundo taratibu, kama mtu anayepona homa. Hakuna atakayejua. Sijui kwa nini watu huona mapenzi ni magumu.

Jumamosi, 21 Desemba

Rungu huvaa buluu. Nimezunguka soko zima la Nakivubo kutafuta shati la buluu. Hakuna. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na sasa hata rangi hakuna. Mwisho mama mmoja wa magendo akatoa shati chini ya kiti chake kama anayetoa bangi. Lilikuwa sare ya shule. Nikabandua nembo kwa wembe. Vifungo vinafunga nikikaa bila kupumua.

Nimekwenda hivyo hivyo. Sajini ni mrefu, mkimya, anamtazama mtu kama anayesoma namba ya gari. Akaniuliza mimi ni timu gani. Nikasema Rungu, Afande, tangu utotoni. Akauliza kwa maoni yangu kipa gani wa Rungu alikuwa bora kuliko wote.

Simjui hata mmoja. Lakini akili ni mali. Nikashusha pumzi ndefu, nikatikisa kichwa, nikasema wa zamani, Mzee, siku hizi hakuna.

"Unamsema Aoko?" akauliza.

"Nani mwingine? Mikono ile, Mzee."

"Mikono ile kweli," akasema, kisha kikohozi kikamshika muda mrefu hadi Zubaida akamletea maji.

Nimeshinda. Amesema siku ya mechi nitakaa naye benchi la mbele, ubavuni pake. Nimerudi Katwe nikipiga mluzi. Nilipofika kwenye mtaro ndipo nilipoelewa kwamba benchi la mbele linatazamana na upande wa Nyundo.

Jumapili, 22 Desemba

Odoch ndiye rafiki yangu na mwenzangu wa karakana. Yeye anatengeneza sigiri, majiko ya makaa, mimi masanduku. Leo hatukufanya kazi sana, kulikuwa na utani. Odoch anasema watu wa Rungu wamezoea foleni mpaka wakifunga bao wanapanga mstari kushangilia. Akasema mke wake amemkataza kutaja jina la sukari nyumbani, watoto wakisikia wanalia. Akasema Nyundo wakishinda fahali yeye atachukua mkia tu, autundike mlangoni, wageni wajue humu nyama ilipita. Nilicheka mpaka nikasahau matatizo yangu.

Kisha akanikumbusha. Alhamisi mimi ndiye mpiga debe na mwanzilishi wa nyimbo, kama kila mwaka.

Nikasema jino linaniuma sana, pengine sitaweza kuimba.

Odoch ana roho nzuri. Aliinuka bila neno, akarudi na koleo, lile la kukunjia waya, akamwita Opio wa karakana ya jirani aje anishike kichwa. Nikamwambia jino limepoa ghafla. Akashangaa, akasema woga nao ni dawa.

Kwa hiyo nina kazi mbili, siku moja, uwanja mmoja wa kambini. Nimepata njia. Nitavaa shati la manjano ndani na la buluu juu. Kipindi cha kwanza nitakaa na Sajini. Wakati wa mapumziko nitaaga kwenda msalani, nivue moja, nizunguke nyuma ya nyumba za kambi, nitokee kwa Odoch nikilalamika kwamba nilichelewa kupata usafiri. Haina kasoro.

Jumanne, 24 Desemba

Idi. Nimealikwa kwa Sajini. Mwaka huu Idi na Krismasi zimeshikana kama mapacha, na kambi nzima inanukia mafuta. Tumekula gurusa, ile mikate yao myembamba, na nyama ya mbuzi. Jirani yao Ogwal, dereva wa polisi, Mkatoliki, alikula kuliko Waislamu wote. Akasema kesho na sisi twende kwake, tumbo halina dini. Mama Zubaida akamwambia tumbo lake lina dini zote.

Baada ya chakula wakaanza kuisema Nyundo. Ogwal alisema winga wetu ni mwembamba hivi kwamba akigeuka ubavu refa humhesabu hayupo. Nikacheka kwa meno, moyo unatoka damu.

Sajini akasema vijana hawana wimbo wa Alhamisi. Akanitazama. Ningeweza kunyamaza. Lakini Zubaida alikuwa mlangoni na sinia mkononi, akisikiliza. Mdomo ukafunguka wenyewe:

*Nyundo ya bati, ukiigusa yapinda,*
*Mpelekeeni fundi, hata fundi kashinda-­ndwa.*

Hapo nikajikwaa kwa hofu. Ogwal akasema hapana, acha hivyo hivyo, kigugumizi ndicho kitamu. Wakarudia wote, na kigugumizi chake. Watoto wakatoka nao nje. Nilipoondoka jioni kambi nzima ilikuwa ikiimba.

Nimeitukana Nyundo, mama yangu. Lakini, kusema haki, ni wimbo mzuri sana.

Jumatano, 25 Desemba

Wimbo umefika Katwe kabla yangu. Sijui umepanda gari gani.

Odoch ametoka kanisani akiwa na suti, akiwa na hasira. Anasema akimpata aliyetunga atamkunja amtie ndani ya sanduku langu na kulipiga misumari ya ribiti. Akaniomba nitunge jibu. Akasema heshima ya Katwe iko kinywani mwangu.

Ilinichukua muda mfupi tu. Nikimtukana adui ambaye ni mimi mwenyewe, maneno yanakuja haraka:

*Rungu ni kuni, leteni maharage,*
*Yakiiva mapema, na sajini aonje.*

Wamenibeba juu mabegani. Opio aligonga sigiri mpya mpaka ikabonyea.

Nilipotua chini nikaona mtu amesimama kwenye mlango. Suruali pana, viatu vya soli nene, miwani myeusi, kama wavaavyo watu wa usalama. Simjui, na hakuna aliyeuliza jina. Utani ulikatika mara moja. Odoch akaanza kufagia, na Odoch hafagii.

Yule mtu akaniuliza ni nani katunga wimbo huu. Nikasema ni wimbo wa watu tu.

"Jana nilikuona kambini," akasema. "Shati la buluu. Ulikuwa unaimba mwingine."

Nikamwambia nina ndugu tunafanana sana. Akanitazama bila kuharakisha. Akatabasamu kidogo, akaondoka. Odoch akaniuliza tangu lini nina ndugu. Nikamwambia tangu sasa hivi.

Nimeshindwa kula nyama ya Krismasi kwa Ogwal. Nimekwenda, lakini nimeshindwa kula. Mama Zubaida akadhani ni mapenzi.

Alhamisi, 26 Desemba

Niko hai. Niandike yote kabla sijasahau.

Uwanja ulijaa. Buluu upande mmoja, manjano upande mwingine, fahali amefungwa kwenye nguzo ya kona akitafuna bila kujua. Nilikaa ubavuni mwa Sajini nikiwa na mashati mawili na jasho la manne. Ng'ambo nilimwona Odoch ameshika debe langu, anachungulia huku na huku akinitafuta.

Rungu walifunga mapema. Nilipiga makofi kama mtu anayeua mbu. Wakaimba wimbo wangu. Sajini akanigonga goti kwa furaha.

Mapumziko yalikuwa yamekaribia. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka kwenda msalani. Ndipo winga wetu, yule mwembamba, akachomoka. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Wa tatu akalala mwenyewe. Nikaona goli lote liko wazi mbele yake, na mimi ni mtoto wa Katwe, nifanyeje? Mpira ukaingia wavuni, na sauti ya kwanza iliyosikika uwanja mzima ilikuwa yangu.

Niliruka juu. Vifungo vyote vya shati la mwanafunzi vikaruka pia, kimoja kikampata Ogwal. Manjano ikatoka nje kama yai lililopasuka. Na mimi, katikati ya polisi na wake zao, mikono juu, naimba peke yangu: na sajini aonje!

Ogwal akaokota kifungo, akakitazama, akanitazama.

Nilipogeuka, yule wa miwani myeusi alikuwa ameshafika. Akanishika kola, zote mbili.

"Mashati mawili," akasema. "Timu mbili. Nyimbo mbili. Na ndugu asiyekuwepo. Nani amekutuma kambini?"

Gari lake lilikuwa nyuma ya benchi. Kila mtu alianza kutazama viatu vyake. Mwaka huu tumezoea kutazama viatu. Zubaida alikuwa amesimama kule kwa wanawake, amejiziba mdomo kwa mtandio. Odoch alikuwa anakata uwanja kuja upande wetu, debe bado mkononi, mchezo umesimama. Peke yake. Sitamsahau.

Sajini akainuka. Taratibu, kama mtu anayetafuta fimbo yake.

"Afande, mwache. Huyu ni mkwe wangu."

"Huyu ni mpelelezi."

"Huyu ni mjinga," Sajini akasema. "Mpelelezi angejua angalau jina la kipa wetu. Nilimwuliza juu ya Aoko, akaniambia hajaona mikono kama ile. Aoko ni yule pale, anayetuuzia karanga."

Watu wakageuka. Aoko, mama mnene mwenye ungo kichwani, akainua mikono yake juu ili yule bwana aione. Mtu mmoja akacheka. Kisha wote. Kicheko kilizunguka uwanja, kikavuka mpaka upande wa manjano.

Miwani myeusi hakucheka. Sajini akamsogelea, wakaongea kwa Kinubi, lugha ninayoielewa kidogo, kwa sauti ya chini. Nilimsikia Sajini akimwuliza habari za mama yake, kwa jina. Alikuwa anamjua tangu akiwa mtoto. Vidole vikalegea kolani.

"Imba," yule mtu akaniambia. "Zote mbili."

Nikaimba zote mbili. Kile kigugumizi cha wimbo wa kwanza kikaja tena, chenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema wa maharage ni bora, akaenda zake.

Odoch akanifikia. Akatazama buluu, akatazama manjano, akasema kumbe ni wewe. Nikamwambia ni mimi. Akasema sanduku ataliandaa kesho, leo nikae chini, rangi ya uso imenitoka. Akakaa nami kwenye benchi la Rungu mpaka filimbi ya mwisho. Sare. Fahali amegawanywa, na mkia wakapewa Nyundo.

Ijumaa, 27 Desemba

Sajini ameniita. Nimekwenda na manjano, kwa kuwa ndilo shati pekee lenye vifungo.

Alinikalisha. Akasema siku ile ya kwanza alijua kabla sijamaliza kukaa, kwa sababu nilikuwa na alama ya nembo ya shule kifuani na rangi ya manjano kwenye kucha. Akasema ningekuja hivi hivi nilivyo, angenipa jibu siku ile ile. Mtu anayeikana timu yake kwa ajili ya mke, kesho atamkana mke kwa ajili ya kitu kingine. Na siku hizi, akasema, mwanangu, mtu akionekana ana nyuso mbili, hapewi muda wa kueleza ipi ni yake. Jana yeye alikuwepo kunitetea. Siku nyingine hatakuwepo.

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililoniuma. Machozi yalinilenga, nikasema ni moshi wa jikoni. Akasema jikoni hakuna moto.

Kisha akasema nilete wazee wangu baada ya mwaka mpya.

Zubaida alinisindikiza mpaka langoni. Akasema jana alidhani amenipoteza kwa sababu ya shati la mtoto wa shule. Akaniuliza kama nimejifunza. Nikamwapia. Kuanzia leo ni kweli tupu, hata ikiuma. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Jumamosi, 28 Desemba

Siku njema sana. Shangazi yake Zubaida, Bi Kaltumi, amefika kutoka Bombo kunikagua. Inasemekana neno lake katika ukoo ni zito kuliko la Sajini.

Ni mwanamke mkubwa, mchangamfu. Tukazungumza vizuri, kweli tupu. Nimemwambia mimi ni fundi wa Katwe, Nyundo damu. Akafurahi. Kisha akanishika mkono, akaubonyeza msuli, akasema mkono huu si wa bati peke yake. Marehemu mume wake alikuwa bondia, na hajapata kumheshimu mwanamume asiyejua ngumi. Akauliza kama nimewahi kupanda ulingoni.

Swali hili halihusu mpira. Ahadi yangu kwa Zubaida ilihusu mpira, ukiitazama vizuri. Nikamwambia nimepigana kidogo tu, uzito wa kati, na sipendi kujisifu.

Bi Kaltumi alinikumbatia mpaka nikasikia mbavu. Amesema mwanawe, aliyeko jeshini, anakuja sikukuu ya mwaka mpya, na amekosa mtu wa kufanya naye mazoezi, kwani wote wa Bombo wanamkimbia. Tutapigana raundi chache uani, familia itazame. Sajini alikuwa kwenye kona na gazeti. Kikohozi kilimshika tena.

Sina wasiwasi. Kesho natafuta glavu Nakivubo. Odoch ananiambia nikiri leo hii, kabla jua halijazama. Odoch hana mawazo ya mbali. Ndondi ni kukwepa tu, na mimi kukwepa ndiyo kazi yangu.