Jiwe Lililopakwa Kotekote

Mwaka ule wa sabini na nane, serikali ilipoamua kugawa pori la mbuga kwa rangi, Isiolo nzima ilinung'unika. Lotukoi peke yake alimshukuru Mungu. Yeye ndiye aliyekuwa akichora mabango ya hoteli zote za mjini, kwa hiyo afisa wa wanyamapori alimpa kazi ya kupaka mawe ya mipaka. Nyekundu, wanyama wa pori peke yao. Manjano, mifugo wakati wa kiangazi tu. Kijani, mifugo siku zote.

"Yaani rangi ndiyo sheria?" Lotukoi akauliza.

"Rangi ndiyo sheria," afisa akajibu, akaingia Landrova yake. Maskini, angenyamaza tu.

Sasa, Lotukoi alikuwa na shida moja, nzuri ajabu, iliyoitwa Nakaale. Baba wa msichana huyo, mzee Ewoi wa kijiji cha Ngaremara, hakutaka maneno matamu. Kwa Waturkana, bwana arusi huleta dume wa ng'ombe wa kuchinjwa nyumbani kwa bibi arusi. Hakuna dume, hakuna ndoa. Na Lotukoi, mtoto wa mjini, hakuwa na hata kuku.

Akamwendea Ibrae, mchuuzi wa mifugo aliyekuwa na ng'ombe wengi na tamaa kuwashinda ng'ombe wenyewe.

"Salaam aleikum, Haji. Zile nyasi za chemchemi unakolisha ng'ombe wako, jiwe lake linapakwa nyekundu kesho."

"Aleikum salaam. Wallahi, nimekwisha!"

"Hujaisha. Brashi ninayo mimi. Nataka dume mmoja tu, mnene."

"Chukua," akasema Ibrae papo hapo.

Jamani! Mchuuzi wa Isiolo asiyebishania bei ni wa kuogopwa kuliko chui. Lakini Lotukoi alishaanza kusikia vigelegele vya arusi, angeogopa saa ngapi?

Kesho yake akalipaka jiwe la chemchemi. Upande wa barabara, nyekundu. Upande wa boma la Ibrae, kijani kibichi.

"Afisa akishuka je?" Ibrae akauliza.

"Afisa gani anashuka garini na jua hili?"

Ng'ombe wakaingia majanini, na Ibrae akamtoa dume wa mabaka, masikio yamechanjwachanjwa. Lotukoi hakuangalia masikio. Aliangalia nundu, akamswaga hadi Ngaremara akiimba.

Walipokaribia, dume akamponyoka, akakimbilia bomani kwa mzee Ewoi. Mzee akamshika sikio, akalipapasa, halafu akamkumbatia shingo.

"Lokori! Lokori wangu!"

"Umempenda, mzee?" Lotukoi akauliza, meno yote nje.

"Nikose kumpenda vipi? Huyu ni wangu! Wakati wa kiangazi nilimweka kwa rafiki yangu Ibrae anitunzie. Hii alama ya sikio nimekata kwa mkono wangu, hata mtoto wa hapa anaijua. Jana Ibrae alinitumia salamu, ati amepata mtu wa kumrudisha bure. Kumbe ni wewe! Asante sana, kijana." Akachungulia nyuma ya Lotukoi. "Sasa, dume wako yuko wapi?"

Lotukoi akafungua mdomo apige kelele za wizi. Akakumbuka alilipwa kwa kazi gani, akaufunga. Mlangoni Nakaale alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

"Yuko njiani, mzee," akasema, jasho likimtiririka. "Ni mnene sana. Anatembea polepole."