Mfufurizo wa Mablanketi Saba

Sogeeni, enyi mlao ugali wa ulezi katika uwanda wa Ufipa. Wekeni majembe chini, nyamazisheni vinu, na mwenye kikohozi akakohoe nje kisha arudi. Nawe upepo wa Juni, ukatao masikio ya watu bila kuwauliza majina, tulia usikilize, kwani habari hii yakuhusu, na ndani yake umeshindwa. Ni habari ya vita iliyopiganwa Sumbawanga enzi za Mwingereza, juu ya meza ya duka, ambamo hakufa mtu, ila ubahili ulijeruhiwa vibaya.

Alikuwepo Bertilla binti Adolfu, aitwaye pia Mama Zenon, simba jike wa Chanji, Mwenye Kikapu Kisichojua Haya, mwenyekiti wa chama cha akina mama waliotunza nyumba ya wazee wasio na ndugu. Vijijini kote kikapu chake kilijulikana. Wenye mikono mizito walipokiona kwa mbali walikumbuka ghafla kwamba wana wagonjwa wa kwenda kuwatazama. Mwaka ule kilikwisha kuvuna mahindi, maharage na sabuni. Kilichokosekana ni mablanketi. Wazee saba hawakuwa nayo, na wa saba wao alikuwa Bibi Kalista, aliyempa jirani yake mgonjwa blanketi lake mwenyewe, naye akawa anajifunika gunia.

Asubuhi hiyo Bertilla alilishika gunia lile, akalikuta limelowa umande, na moyo ukamuuma kwelikweli.

"Bibi," akasema, "naapa, leo hutalala na gunia."

"Haya, mjukuu wangu," Bibi Kalista akajibu. "Ila usinililie humo, litazidi kulowa."

Basi Bertilla akajifunga kanga ya vita, akatwaa ngata yake ya kubebea mizigo, akaikabili ngome ambayo hakuna mchangishaji aliyewahi kuiteka: duka la Muhidin bin Hamis, Bwana wa Mfuto, mwenye lori na rafu zenye mablanketi hadi darini. Kila pishi aliyouza aliifuta mdomo kwa kijiti cha mninga, isibaki hata punje ya ziada, na kijiti hicho wateja walikiita Fyekaneema.

"Shikamoo, Bwana Muhidin."

"Marahaba, Mama Zenon. Kama umekuja kununua, karibu kiti. Kama umekuja kuomba, karibu mlango."

Bertilla akasimama katikati ya duka, akapaza sauti mpaka wanunuzi wa chumvi wakasahau chumvi. "Ewe Muhidin, ambaye lori lako hupanda kutoka Mtowisa likiugulia mpunga! Mablanketi yako yamelala rafuni yakifunikana yenyewe kwa yenyewe, na hayasikii baridi! Wazee saba wanatetemeka. Toa!"

"Haba na haba hujaza kibaba," Muhidin akanguruma, "nanyi mwataka mnibebee kibaba na haba zake! Kila mwaka natoa pishi moja ya mahindi. Na mwaka huu ni moja."

"Ya mfuto, au ya mfufurizo?"

Duka zima likacheka. Maana pishi ya mfufurizo hujazwa hata ikavimba kilele kama kichuguu, na tangu Muhidin afungue duka hakuna aliyewahi kukiona kilele hicho. Hata mkewe, Adija, Mama Sophia, aliyekuwa akipima sukari, alificha uso kwenye ushungi, mabega yakimtikisika. Kicheko cha mke ndicho kilichomchoma Muhidin.

"Leo mfufurizo!" akapiga meza. "Chochote kilichomo dukani humu, Mama Zenon, kilundike juu ya pishi mpaka uchoke. Kikisimama, chako. Kikianguka hata kimoja, vyote vinarudi rafuni, nawe utatoka mikono mitupu."

"Chochote?"

"Chochote, wallahi!"

Akaijaza pishi mahindi, akaifuta kwa Fyekaneema kwa mazoea, akaiweka mezani. Bertilla akavua ngata kichwani, akaitandika juu ya mahindi, kisha akanyoosha kidole rafuni.

"Mama Sophia, niletee mablanketi."

Muhidin akageuka rangi. "Nilisema nafaka!"

"Ulisema chochote, Baba Sophia," Adija akamwambia taratibu, huku ameshapanda ngazi. "Umeapa, nami nimesikia."

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo wahunzi wa kale wa Ufipa, waliojenga tanuri ndefu za udongo, wangeacha mivukuto yao kuitazama. Bertilla alibeba kichwani tangu utoto wake kijijini Mwazye, kuni, mitungi na matenga, na shingo yake ilijua uzito unapotaka kukimbilia. Akalikunja blanketi la kwanza dogo na gumu, akaliweka. Likatulia. La pili likatulia. La tatu likayumba, akalisemesha kwa Kifipa, likapata adabu. Aliyetaka kupiga chafya alibanwa pua na mwenzake. Walipofika la sita mnara ulikuwa umempita kimo, nao ukiinama kidogo kama mlevi anayesalimia.

Likabaki moja, la Bibi Kalista.

Ndipo ikasikika ngurumo. Lori la Muhidin lilikuwa likirudi na mpunga, na siku zote likikaribia, sakafu ya duka hutetemeka na makopo hucheza ngoma rafuni. Makopo yakaanza. Mnara ukatikisika. Bertilla, blanketi la saba kifuani, alijua kwamba hawezi kuushika mnara wala kulizuia lori. Aliona tu gunia lenye umande.

Muhidin hakuhitaji kufanya lolote. Angekaa kimya tu, mablanketi yote yangerudi kwake. Aliutazama mnara. Jamani, ulikuwa mzuri! Katika duka lake, juu ya pishi yake, kilikuwa kimesimama kilele ambacho hakijapata kuonekana, na yeye ndiye mwenyewe.

Akaruka meza, pindo la kanzu mkononi, akatoka mbio barabarani.

"Zubery! Zima! Zima gari, wewe! Utaniangushia mfufurizo wangu!"

Dereva akazima, akidhani duka linaungua. Makopo yakatulia. Muhidin akarudi kwa ncha za vidole, jasho likimtoka. Bertilla alikuwa akijinyoosha na blanketi la saba, mfupi maskini, mikono haifiki.

"Lete hapa, Mama Zenon," akanong'ona Muhidin, ambaye alikuwa mrefu. Akalipokea, akafumba macho, akaliweka kileleni kwa mikono yake mwenyewe.

Likasimama! Vigelegele vikapasua anga, mnunuzi wa chumvi akamkumbatia dereva asiyejua kitu, na Muhidin akakataza mnara usibomolewe mpaka mji mzima upite kuuona. Adija akakitwaa Fyekaneema, akakipeleka nyumba ya wazee, kikawa mwiko wa kukorogea uji. Na tangu siku hiyo, mtoto akizaliwa Chanji watu huuliza: kabla ya Mfufurizo, au baada?

Jioni Bertilla alimfunika Bibi Kalista hadi kidevuni.

"Limetoka kwa nani?" bibi akauliza.

"Kwa Muhidin."

"Yule wa mfuto?"

"Alikuwa wa mfuto, bibi."

Bibi Kalista akalivuta blanketi, akalipima kwa vidole vyake vya miguu, akacheka gizani. "Basi mwambie marahaba," akasema, "hata kama hajaniamkia."