Saladi Niliyompikia Shemeji

Leo nimeaibika nyumbani kwangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti yangu mpya ya abakosti. (Mpya kwa kusema tu. Nilishonewa binti yetu Furaha alipoolewa.) Nawaandikia mapema ninyi rafiki zangu wawili wa Bukavu kabla madereva hawajawaletea habari hii, maana hapa Katindo imekwisha kufika hadi kambi ya askari.

Kwanza niwaeleze kwa nini mzee kama mimi alikuwa anachonga karoti.

Kosa ni langu. Kabla kiangazi hakijaanza tulikuwa na wageni mezani baada ya misa. Mama Furaha akaleta mboga ya lenga-lenga aliyoiweka motoni tangu asubuhi. Badala ya kula, mimi nikaanza kufundisha. Nikasema kolejini mapadri walituambia kwamba vitamini hufia motoni, na kwamba mke wangu anachemsha mboga kama anayechemsha nguo. Wageni wakacheka. Kicheko kikanipa nguvu, nikaongeza, "Hata mimi naweza kupika muzuri kuliko hii."

Mke wangu akaweka mwiko chini. Akafuta mikono. Akasema kwa sauti ya kila siku, "Sawa, Papa Furaha. Pika."

Akaenda kwa kaka yake, kijijini Munigi. Hakurudi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuzunguka. Nakaa, nasimama. Naenda mlangoni, narudi. Nafungua redio, naifunga. Nakula mkate na chai, chai na mkate. Nilipochoka kujifanya sijachoka, nilipanda Munigi kuomba msamaha. Mke wangu hakutoka chumbani. Aliyenipokea ni kaka yake, Bauma, mtu wa ng'ombe aliyeshuka kutoka milima ya Masisi, ambaye hajui kuharakisha neno. Aliniacha kwenye benchi hadi chai ikapoa, kisha akatoa hukumu.

"Utatafuta mbuzi ya faini. Na utatupikia, weye mwenyewe, kwa mikono yako. Tutakuja kula. Tukishiba, dada yetu anarudi. Tusiposhiba, utaendelea kukula ile vitamini yako."

Siku yenyewe ilikuwa leo.

Nilikuwa sokoni wakati akina mama wa Kanyaruchinya wanashusha mizigo. Kiangazi hiki mboga ni nzuri ajabu: kabichi ngumu kama mawe yetu ya volkano, karoti zenye udongo bado, nyanya, vitunguu na majani yake, saladi mbichi inayolia ukiibana. Nilinunua kama mtu anayelisha kikosi kizima.

"Papa, kwako kuko karamu?" akauliza muuzaji.

"Kuko wageni."

"Na mama iko wapi?"

"Iko."

(Sikudanganya. Alikuwepo. Munigi.)

Mpango wangu ulikuwa huu: maharage mabichi na ugali vifuate, lakini vitanguliwe na sahani kubwa ya mboga mbichi, kama zile nilizokuwa nabeba kwenye meza ya mapadri nilipokuwa mwanafunzi. Wao waliziita krudite. Hazipiti motoni hata kidogo. Karoti, nyanya, saladi, kitunguu, juu yake mafuta na ndimu. Nilitaka shemeji aone kwamba siku ile sikusema upuuzi mtupu. Hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kula mboga mbichi kwenye sahani. Hilo lingenifikirisha, lakini nilikuwa na haraka.

Narudi nyumbani, nakuta ni Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Nilisahau kabisa kwamba ni Jumamosi. Mkubwa wa avenue yetu akasimama mlangoni na jembe begani.

"Sitwayen, raia wetu, toka. Tunafagia barabara."

"Siwezi. Niko napika."

Akanitazama. Akageuka, akawaambia watu wote wa barabara, "Anasema iko napika!"

Nilifagia. Ilikuwa nafuu kuliko maswali.

Nilipomaliza jua lilikuwa limepanda, na nina mbabula moja tu ya makaa. Nikaweka maharage motoni, nikaona ugali utangoja maharage yatoke. Halafu nikakaa chini na karoti. Nikazichonga maua. Kila ua na petali zake. (Mzee mzima. Mngeniona.) Mbuzi wa faini, niliyemfunga kwenye nguzo ya uani, alikuwa akilia bila kupumzika. Nikamwambia angoje. Katika kukimbia kwangu kote, sokoni, Salongo, kuchota maji, sikukumbuka kumpa hata jani moja.

Wakaja mapema. Bauma na mukechuru Zawadi, shangazi yake mke wangu, bibi kizee mdogo wa umbo mwenye macho ya polisi. Mke wangu hakuwa nao. Nikawapa viti uani, kivulini. Nikauliza habari za ng'ombe, za mvua, za watoto, za ng'ombe tena. Jicho langu moja liko kwao, la pili liko kwenye moshi wa jikoni. Nikaomba ruhusa, nikaingia ndani kupepea makaa.

Huko ndani, nikiwa nimeinama, nikasikia sauti ya Bauma.

"Papa Furaha! Leta majani!"

Nikasimama wima.

"Leta majani mbio! Njaa itamuua huyu!"

Jamaa, moyo wangu ulifurahi. Nilijiambia: habari ya saladi yangu imefika hadi Munigi, na mukechuru amezidiwa na njaa njiani, maskini. Wanaidai wenyewe! Nikavaa abakosti, nikafunga vifungo vyote. Nikachukua sahani kubwa, ile ya harusi. Saladi chini, nyanya kuzunguka, maua ya karoti katikati. Nikatoka nayo polepole, kama nilivyofundishwa kolejini, mgongo umenyooka.

Bauma alikuwa amesimama. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante, shemeki. Mutu mwenye kusikia."

"Bonapeti," nikasema kama mapadri mezani, na nikainama kidogo.

Akampita mukechuru. Nikadhani anaenda kunawa. Akaipita ndoo ya maji. Akafika kwenye nguzo, akapiga goti, akaweka sahani chini.

Mbuzi hakungoja kukaribishwa.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, naapa, Kiswahili na Kifaransa. Ningesema nini? "Samahani, shemeki, hicho ni chakula chako"?

"Nilimushika mugongo," Bauma akanieleza, "nikasikia mufupa tu. Nikasema, mutu mwenye hawezi kulisha mbuzi, atalisha dada yetu namna gani? Lakini sasa naona." Akainama karibu. "Hata karoti umemukatia maua."

"Kumbe muzee anapenda wanyama," akasema mukechuru.

"Kidogo," nikasema.

Mbuzi akafika kwenye ndimu, akapiga chafya.

"Umeweka na mafuta?" akauliza Bauma.

"Kidogo."

"Mafuta, kwa mbuzi? Ya nini?"

"Ya tumbo," nikasema. (Nimesoma miaka yote ile ili nije kusema hivyo.)

Bauma akatikisa kichwa kwa heshima. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeanza kubadili mawazo. Na mimi, badala ya kusema kweli, nikaipenda ile heshima. Nikasimama pale nikimtazama mbuzi akimaliza nyanya, nikijipa moyo: si kitu, maharage yapo, nitasonga ugali, watashiba, atarudi.

Ndipo jirani, mke wa askari mmoja wa kambi, akapaza sauti juu ya ua.

"Papa Furaha! Moshi iko natoka kwa dirisha! Unapika ao unachoma nyumba?"

Nilikimbia. Maharage yalikuwa yamekunywa maji yote na kuanza kunywa sufuria. Juu yalikuwa mawe, chini yalikuwa makaa. Nikamwaga maji, yakalia kama nyoka. Nikaonja. Nikatema. Nikakaa sakafuni na abakosti yangu.

Nilipotoka, wageni walikuwa wamekwisha kunawa mikono. Wameikunja vizuri magotini, wanangoja. Hakuna kitu kizito kama mikono iliyonawa inayongoja.

"Basi, mutoto wangu," akasema mukechuru, "mbuzi ameisha kula. Sasa sisi."

"Chakula kimekwisha," nikasema.

"Nani alikula?"

Nikaonyesha kwa kidevu.

Bauma akageuka, akamtazama mbuzi. Mbuzi alikuwa analamba sahani ya harusi. Akanigeukia mimi. Nimewaambia kwamba haharakishi neno.

"Ile majani ya mbuzi ilikuwa ya sisi?"

"Ilikuwa ya kuanzia. Inaitwa krudite."

"Ulitaka tukule mbichi."

"Iko na vitamini."

Mukechuru Zawadi akatoa sauti ndogo, kama mlango. Halafu akashika nguzo. Halafu nguzo haikutosha, akashuka chini mpaka kilemba kikamtoka, machozi yanatiririka, anapiga ardhi kwa kiganja. "Ya tumbo," anasema. "Mafuta ya tumbo!" Juu ya ua nikaona kichwa cha jirani, na kando yake vichwa vingine ambavyo sivijui.

Bauma hakucheka. Alikuwa bado mahakamani.

"Tulikuambia upike. Umepika nini?"

"Maharage."

"Iko wapi?"

"Imeungua."

"Na kile chenye hakikuungua?"

"Hakikupikwa."

Akafikiri. Akasimama, akamfungua mbuzi kwenye nguzo. "Hatukushiba," akasema. "Mwenye ameshiba ni huyu." Akamshika shangazi yake mkono, maana hakuweza kutembea sawa kwa kicheko, na wote watatu wakaelekea mlangoni. Mbuzi ndiye aliyeonekana ameridhika na karamu.

Niliwafuata hadi barabarani. Sikuwa na la kujitetea, kwa hiyo nikasema lililobaki.

"Shemeki, umwambie Mama Furaha kwamba sijui kupika. Hata siku ile sikujua. Nilisema tu ili wageni wacheke."

"Hiyo utamwambia weye mwenyewe," akajibu, bila kugeuka.

Wakaondoka. Nikajua nimemkosa mke.

Nilivua abakosti, nikaitundika. Nikaivaa tena, nikaivua. Nikatoka hadi njia panda, nikarudi. Watoto wa barabara wakaniuliza kama kuna karoti. Nikasugua sufuria kwa mchanga na majivu, na ile kazi ikanifaa, maana weusi wa sufuria ile haukutoka na mimi sikutaka kazi iishe.

Nilikuwa bado nimeinama hapo jua lilipoanza kulegea, nikasikia ndala kwenye changarawe. Mama Furaha. Hana mzigo, hana sanduku, pochi tu. Macho yake mekundu. Nikaogopa kwamba alikuwa amelia.

Akatazama sufuria. Akatazama moshi ukutani. Akaokota sahani ya harusi uani, ikiwa safi kama imeoshwa, akaigeuza geuza.

"Yale maua ya karoti," akasema. "Hakubakisha hata moja?"

"Hata moja."

Akaziba mdomo kwa kitenge. Mabega yakaanza kumtetemeka. Hapo nikaelewa macho yale yametoka wapi: alikuwa amekutana na mukechuru njiani.

Nikasimama mbele yake, mikono imejaa majivu. Nikamwambia yale niliyomwambia kaka yake, yote, na nikaongeza kwamba mkate na chai si chakula cha mtu. Akasikiliza hadi mwisho. Akafunga kitenge kiunoni, akakusanya kabichi na vitunguu vilivyobaki, akapuliza makaa.

"Umerudi?" nikauliza.

"Sijarudi. Nimekuja kupika. Ile ya kurudi tutaongea kisha kula."

Nikamletea maji. Nikaulizwa kama najua kumenya kitunguu, nikasema sijui, nikaonyeshwa. Tumekula. Nimekula sana, na sikusema neno lolote kuhusu vitamini. Hatujaongea bado. Pochi yake iko juu ya kiti karibu na mlango, na kila baada ya mistari miwili nainua kichwa kuitazama kama bado iko.

Kwa hiyo ninyi, tafadhali, msicheke. Kuna mtu upande wa pili wa ukuta huu anayecheka kwa niaba yenu wote tangu tulipomaliza kula, na sitaki aache.